Kokoto za Kukanyagwa

Alikuwa akiziosha chupa mara tatu. Mara ya kwanza kwa maji ya chumvi ya kisimani, mara ya pili kwa sabuni ya mche, mara ya tatu kwa maji matamu ya kununua, yale ambayo sisi wengine tulikuwa tukiyapimia chai. Alizianika juani mpaka zikauke na kung'aa, ungedhani anakwenda kuzitia sharubati. Kisha alizitia guniani na kuziponda.

Tumeishi ukuta kwa ukuta pale Ziwa la Ng'ombe miaka kumi na tisa, na swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa hilo: kitu unachokwenda kukivunja unakioshea nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Mwanangu," akasema, "kwani maiti haoshwi?" Nikarudi ndani nikiwa na hakika kwamba jirani yangu ana kichaa. Miaka miwili baadaye nikamsikia akimweleza mteja kwamba chupa ya soda au ya mvinyo hubaki na sukari, na sukari ikiingia kwenye saruji haishiki, hulala mbichi siku mbili kama uji. Maneno ya maana kabisa. Sasa mimi aliniambia habari za maiti kwa nini? Sijui. Ndivyo alivyokuwa, na mpaka leo nikijaribu kumweleza kwa mtu huanza vizuri halafu nikapotea njiani.

Mtaani walimwita Mponda Kokoto. Mbele yake tulisema Mama. Zamani aliponda mawe, kama wanawake wengi waliotoka Kaloleni na Ganze, ameketi kando ya barabara miguu ameinyoosha, nyundo mkono mmoja, mkono wa pili ameshika mpira wa tairi aliouzungusha duara ili jiwe lisiruke. Wajenzi walinunua kwa debe. Halafu malori yakaanza kuleta kokoto za mashine kutoka Mazeras, zote saizi moja, na wateja wake wakaisha kama maji ya mfereji. Wenzake wakageukia kuuza mchicha. Yeye akageukia chupa.

"Chupa za bia zina kwao," alinifafanulia siku moja, bila mimi kumuuliza. "Zinarudi kretini. Hizi za mvinyo na pombe kali ni mayatima, hakuna anayezitaka." Basi mayatima wote wa mabaa ya barabara ya Malindi na wa hoteli za ufuoni walifikia uani kwake. Aliwaponda, akawachekecha kwa wavu wa dirisha, akawapanga mafungu: wakubwa, wadogo, na unga. Watu walichanganya na saruji wakamimina vijia, sakafu za vyoo, mahali pa kufulia, baraza za maduka. Sakafu ikisuguliwa ilitoa vimulimuli vya kijani na kahawia, na mwenye duka alitembea mbele yake kama amejenga Makka.

Kazini alivaa miwani ya kuogelea, ya rangi ya waridi, mali ya mtalii fulani mtoto, aliyopewa na mfagiaji wa hoteli. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, leso mbili, jasho, na miwani ya waridi imembana kichwani. Nilicheka wiki nzima. Lakini miguuni hakuvaa kitu. Alikanyaga juu ya vile vioo pekupeku, akienda na kurudi, na sikumwona akitoka damu hata siku moja. Mtoto wa mtu akisogea bila viatu, alimfukuza kwa kelele mpaka mtaa mzima ukatoka nje kutazama.

Pombe aliichukia. Mumewe ilimmaliza, na alilisema hilo waziwazi, tena kwa sauti. Lakini walevi aliwajua kwa majina na aliwasalimia kwa heshima, akiwaulizia watoto wao, kwa kuwa, alisema, bila wao asingekula. Jumapili alikuwa kanisani, benchi la mbele. Siku nyingine sita kila neno lilikuwa na wallahi yake. Nilipomuuliza kama wallahi inafaa kwa Mkristo, alisema Mungu wa Pwani anajua lugha ya Pwani.

Vioo vya kujitazamia hakuvipokea kabisa. Mwenye saluni mmoja wa Kisauni alimletea mkokoteni mzima wa vioo vilivyopasuka, bure, akakataa hata kuvishusha. "Hivyo vimekunywa nyuso za watu," alisema. "Nani atalala juu ya nyuso za watu?" Yule dada akaondoka amenuna. Mimi nilikuwa pale ukutani nikijipepea, nikajiuliza: sukari ni sayansi, nyuso ni nini? Na yote mawili aliyasema kwa sauti ile ile, uso ule ule, hakuna alama ya kukujulisha kwamba sasa ametoka kwenye elimu ameingia kwenye ushirikina. Ilibidi mtu achague mwenyewe. Hapo ndipo nilipopotea, na ningeomba msomaji akumbuke hilo kabla hajanihukumu.

Kulikuwa pia na habari ya lami. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akiziba mashimo karibu na kituo cha mafuta alichukua magunia yake kadhaa kwa kujaribu, akayachanganya kwenye lami ya moto. Kipande kile hakikufika hata urefu wa vitanda viwili, lakini kwa Mama kilikuwa shamba. Mgeni akija alimpeleka kukitazama. Aliinama katikati ya magari na honi, akapangusa vumbi kwa kiganja, akasema, "Kipande changu hicho." Mimi alinipeleka mara nne. Mara ya nne nilimwambia, Mama, utagongwa na gari kwa ajili ya shimo. Akanijibu kwamba lami na kioo hawana ugomvi, saruji ndiyo yenye hasira. Nikamwambia haya. Huo ulikuwa mtindo wangu kwake, kumwambia haya.

Sasa nije kwenye langu.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Nimelea binti mmoja, Neema, peke yangu, na kwa miaka mingi nilikuwa na ndoto moja tu: kuweka slabu. Kwa asiyejua, ni dari nzito ya zege yenye nondo ndani, ambayo ukishaimwaga unaweza kujenga chumba kingine juu yake. Neema akae chini, mimi nipande juu, upepo wa bahari unifikie kabla sijafa. Nondo nilinunua. Saruji nilinunua. Kokoto za mawe zikawa zimepanda bei vibaya, na mimi jirani yangu ana mlima wa kokoto uani. Nikaenda.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Waamkaje?"

"Salama. Nataka kokoto, pikapu nzima."

"Za nini?"

"Za slabu."

Akaivua miwani yake ya waridi. "Hizo siuzi."

"Huuzi vipi, na kila siku wauza?"

"Kokoto zangu ni za kukanyagwa, si za kubeba watu. Jenga kijia, nitakupa bure, wallahi. Slabu nenda kwa wenye mawe."

"Kwani kioo si kigumu kama jiwe?"

"Ni kigumu. Lakini akikaa na saruji mahali penye maji, hukaa kimya miaka, halafu anataka nafasi. Anavimba."

Kioo kinavimba! Nilisimama pale nikangoja acheke, hakucheka. Nikaunganisha mambo: nyuso za watu, maiti kuoshwa, na sasa kioo kinavimba kama maandazi. Nikaona wazi kabisa, na kuona wazi huko ndiko kulikoniponza, kwamba hapa hakuna kokoto wala saruji, ni husuda tu. Hataki nimpite kimo. Amezoea tuwe sawa, bati kwa bati, na sasa nikiweka ghorofa atakuwa akitazama miguu yangu. Usiku huo nilimpigia dada yangu simu Voi nikamwambia, kikulacho ki nguoni mwako.

Kama ningenunua mawe kidogo kidogo, ningengoja mwaka, na mambo yangeisha. Lakini sikutaka mawe tena. Nilizitaka zile zile alizoninyima. Nikamtuma shemeji yangu wa Mtongwe, mume wa mdogo wangu, ambaye yule mama hakuwa akimjua. Akaja na pikapu, akamwambia anataka kokoto za kijia cha kanisa lao kule Likoni, wazee wanateleza mvua ikinyesha. Yule mama akafurahi. Alimjazia mpaka pikapu ikainama, akamwongezea magunia matatu ya sadaka, akamwambia awasalimie wazee. Shemeji alipokuja kunieleza alikuwa hacheki. Mimi nilicheka.

Fundi wangu alipoziona alijikuna kichwa. Nikamwonyesha kwenye simu barabara za ng'ambo zilizojengwa kwa chupa, nikamwambia sisi tu ndio tuliobaki nyuma. Tukachanganya nusu kioo, nusu mawe, na magunia tukayapanga nyuma ya nyumba, upande usioonekana kutoka kwake.

Siku ya kumwaga slabu huwa kama harusi. Haisimami mpaka iishe, vijana wamejipanga kwenye ngazi wakipokezana makarai, na chini akina mama wanapika, kwa sababu slabu ya watu wenye njaa, husemwa, hupasuka. Jirani yangu alikuja mchana na sinia la mahamri. Akakaa na wapishi, akala pilau, akaongeza. Akaniuliza, "Mawe umepata wapi?"

"Mazeras," nikasema, na mfupa wa kuku mkononi.

"Umefanya vizuri, mwanangu." Akanishika bega. "Nilihofu umenikasirikia."

Nimeyafikiria sana maneno hayo mawili matatu. Mtu mwenye husuda huhofu kukasirikiwa? Niliyasikia yakaniingia, nikayatoa kwa sikio la pili, nikaenda kuwahimiza vijana wa makarai.

Dari ilitoka nzuri. Miaka mitatu, minne, haina hata mkwaruzo, na kila niliposimama juu kuanika nguo nilimtazama chini uani kwake nikajisemea moyoni: kiko wapi kinachovimba? Niliweka na tangi la maji huko juu. Lilivuja kidogo pembeni, nikaliacha livuje, maana chumba cha juu chenyewe sikuwa nimepata cha kujengea. Zikabaki nondo tu zimechomoza, kama nyumba zote za kwetu.

Yeye akazeeka kwa haraka. Macho yalianza, mpwa wake akamkataza kuponda, akamhamishia kwake ng'ambo ya barabara. Kisha kichwa nacho kikaanza. Alikuwa akinisalimia, tukamaliza, akageuka, akanisalimia upya. Aliniita kwa jina la dada yangu. Aliniulizia mume, na mume wangu ameondoka Neema akiwa na meno mawili. Lakini ukimtia kiganjani kipande cha kioo, alikuambia bila kukosea kilikuwa chupa ya nini. Hilo nalo lilinichanganya. Mtu amesahau watu, akakumbuka chupa.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokwisha, dari yangu ikaanza kuchora mistari. Si ufa mmoja, ni mistari mingi midogo iliyoshikana kama ngozi ya kisigino. Kisha mistarini ukatoka ute mweupe, unaonata kama gundi, ukikauka unakuwa chokaa. Nilipangusa, ukatoka tena. Nikamwita fundi, si yule wa kwanza, mwingine. Akagonga kwa nyundo, akasikiliza, akagonga tena.

"Mama Neema, hii dari inavimba."

"Dari huvimba?" nilimuuliza.

"Hii inavimba. Mliweka nini humu?" Akasema chumba kihamwe, tangi lishushwe, slabu ivunjwe.

Nilishusha tangi. Chumba sikukihama. Neema alikuwa siku mbili tu ametoka hospitali na mtoto, mumewe yuko kazini baharini, na kitanda cha mzazi kilikuwa kimeshatandikwa chumba kile, chini ya dari ile. Ningesema nini? Toka, kuna bibi alinionya nikamwibia? Nikajiambia ikifika arobaini nitawahamisha, siku arobaini si nyingi kwa dari iliyosimama miaka. Nilijiambia hivyo kila usiku, na kila usiku nililala mlangoni kwao kwenye mkeka nikiisikiliza. Sijawahi kuwa mjinga kama nilivyokuwa wiki ile, na najua nilikuwa mjinga nikiwa macho.

Siku ya tisa yule bibi akaja kumwona mzazi. Mpwa wake alimfikisha langoni akaenda zake. Alileta leso moja na kipande cha sabuni, kama desturi. Nilitaka kumpokea sebuleni, lakini Neema alimsikia sauti akamwita ndani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akapewa mtoto, akampulizia utosini, akamwombea. Hapo punje ya chokaa ikadondoka juu ya chandarua. Akaisikia. Mimi sikuisikia, yeye aliisikia.

Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akasimama, akapapasa ukuta mpaka pale ute wa dari ulipochirizikia. Akaugusa ule ute. Akauviringisha kati ya kidole na dole gumba, akaunusa. Kisha akasema kwa sauti ya zamani, ile ya kufukuza watoto wasio na viatu:

"Mtoeni mtoto. Sasa hivi. Mzazi naye atoke."

Neema akanitazama mimi. Nikasema toka. Tulihamisha kila kitu, mtoto, godoro, beseni, sebuleni, na chumba nikakifunga kwa kufuli. Nilipogeuka nilimkuta ameketi sakafuni, leso imemwanguka kichwani, analia.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani amenigundua, na kwamba hiyo ni aina yake ya kunisuta.

"Nilikuuzia," akasema. "Nilijua, nikakuuzia. Tamaa gani ile iliyonipata? Watu wote niliwakatalia, wewe jirani yangu nikakuuzia. Na mtoto mchanga yumo ndani! Wallahi sikumbuki, lakini mkono wangu naujua. Zile ni zangu."

Mbele yangu palikuwa na mlango wazi wa kukiri, na wenye haki wote wangeupita. Neema alikuwa akinitazama, mtoto analia, na yule bibi amenishika vidole viwili, anangoja. Nikasema, "Yamepita, Mama." Ndiyo maneno niliyosema. Nikamwinua, nikamfunga leso, nikamsindikiza mpaka kwa mpwa wake, na njia nzima alikuwa akinishukuru.

Kesho yake asubuhi nilisikia hodi. Alikuwa amesimama langoni, ndoo kichwani, shingo inacheza kwa uzito. Alivuka barabara ile peke yake, na macho yale.

"Nitue, mwanangu."

Nikamtua. Ndani mlikuwa na kokoto za mawe, za mkono, amezivunja mwenyewe jioni kwa nyundo yake ya zamani. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Alisema slabu yangu atanirudishia yote, ndoo kwa ndoo, mpaka itimie, Mungu akimpa uhai.

Hapo nilishindwa. Nikamketisha kwenye ngazi, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, shemeji, pikapu, kijia cha kanisa, magunia ya sadaka, Mazeras. Nilimwambia ulinikatalia, Mama. Ulinionya na sababu ulinipa. Mwizi ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Nilikukatalia?" akauliza.

"Ulinikatalia."

"Kwa maneno gani?"

"Ulisema kokoto zako ni za kukanyagwa, si za kubeba watu."

Akatikisa kichwa polepole, akatabasamu, na tabasamu lile ndilo linaloniamsha usiku. "Hayo niliwaambia watu wote, kila mtu mtaani anayajua. Umeyaokota huko ili unisitiri nayo." Akanipapasa shavu kwa vile vidole vilivyochubuka. "Mama yako alikulea vyema. Lakini usijisingizie wizi kwa ajili yangu, mwanangu, utapata dhambi."

Nikaapa. Nikaapa kwa Mungu, nikaapa kwa wallahi yake mwenyewe. Nikampigia shemeji, nikamwekea simu sikioni, na shemeji, kwa woga tu, akasema hakumbuki pikapu wala kanisa. Yule bibi akanirudishia simu kwa upole, akaimwaga ndoo ukutani, akaomba njia.

Leo asubuhi kulikuwa na hodi tena.

"Nitue, mwanangu," akasema.

Nikamtua.